Padi za kauri kwenye gari la spoti: rimu zimepona, mguu wa kulia unafanya kazi zaidi

Nimefunga padi za breki za kauri, zile zinazouzwa kwa ahadi ya vumbi kidogo, mbele na nyuma kwenye gari langu la milango miwili, na nimeshaendesha nazo vya kutosha kuweza kusema neno. Kwa anayetaka jibu la haraka: ahadi ni ya kweli. Rimu zangu za fedha zilikuwa zinageuka rangi ya masizi siku chache tu baada ya kuoshwa. Sasa wiki mbili zinapita na bado zinatazamika. Lakini kuna kitu unakitoa ili upate hicho, nacho utakisikia kila unapokanyaga breki. Jina la kampuni siliandiki. Nimeongea na wenye magari mengine waliofunga padi za kauri za watengenezaji tofauti, na sifa na manung'uniko yao ni yale yale, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanahusu aina ya padi kuliko chapa iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwanza mjue gari lenyewe. Injini iko mbele, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kalipa za mbele (yale makucha yanayobana padi kwenye diski inayozunguka na gurudumu) zina pistoni nne, diski ni kubwa kama sinia, na rimu ni za inchi 19 zenye spoki nyembamba zilizo wazi. Kila kitu hapo kimepangwa kwa ajili ya kusimamisha gari, na kila kitu hapo kinazalisha vumbi. Diski kubwa na padi pana maana yake ni eneo kubwa la msuguano. Spoki zilizo wazi zinaruhusu hewa ipoze breki, na hewa hiyo hiyo inalitoa vumbi na kulipaka kwenye uso wa rimu. Halafu rangi ya fedha haifichi kitu. Mwenye rimu nyeusi ana vumbi kama langu, ila halioni, na kutoliona hakulizuii kula vanishi ya rimu yake. Nawaambia wanaoshauriana kupaka rimu rangi nyeusi kama dawa: mmeficha mgonjwa chumbani.

Padi zilizokuja na gari zilikuwa za nusu metali. Padi za aina hiyo zina chuma kingi ndani yake. Kinaweza kufika zaidi ya nusu ya uzito wa kile kinachosuguana. Zinashika kwa kukwangua. Padi inakwanguka, na diski nayo, ambayo ni ya chuma cha kusubu, inakwanguka. Watu wengi wanadhani vumbi lote linatoka kwenye padi. Sivyo, sehemu kubwa ya ule weusi ni diski yako inayosagwa taratibu kila unapopunguza mwendo. Ndiyo maana kwa padi kali unabadilisha diski mapema, na ndiyo maana vumbi lenyewe linavutwa na sumaku. Jaribu siku moja: funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe kwenye unga uliokusanyika nyuma ya spoki, uone inavyoota ndevu.

Chembe hizo zinatoka zikiwa za moto na zenye ncha. Zikigonga rimu zinajichomeka kwenye vanishi, kisha maji yanakuja, mvua au ya kuoshea, na kile chuma kinaota kutu pale pale kilipo. Hapo ndipo unapoona vidoti vya rangi ya chungwa ambavyo sabuni haviogopi. Ukivisugua kwa nguvu unaikwaruza rimu. Ukiviacha, kutu inapanuka na kuinua vanishi. Kwa hiyo tunaosafisha rimu kila mara si watu wa mbwembwe tu, ingawa mbwembwe pia zipo, sikatai.

Kabla sijanunua chochote nilipeleka gari kwa fundi anikague breki, na hili ningemshauri kila mtu alifanye kwanza. Vumbi jingi laweza kuwa tabia ya gari, na laweza kuwa dalili ya ubovu. Fundi alizungusha kila gurudumu kwa mkono likiwa juu ya jeki, akasikiliza, akatazama padi za ndani na za nje kama zimeisha sawa.

"Dada, breki zako hazina ugonjwa," akaniambia. "Mbele yote mawili yana vumbi sawa, nyuma yote mawili yana vumbi sawa. Ungeniletea gurudumu moja tu jeusi kuliko mwenzake, hapo ningesema kalipa imekwama."

"Sasa nikae nalo hivi hivi, fundi?"

"Badilisha padi. Ila usije ukarudi hapa ukaniambia breki hazishiki kama zamani."

Maneno yake yana mantiki ambayo inafaa kukaririwa. Magurudumu ya mbele kuwa machafu kuliko ya nyuma ni kawaida, kwa sababu unapofunga breki uzito wa gari unaegemea mbele na breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Lakini kulia na kushoto hayatakiwi kupishana. Yakipishana, pini za kalipa zimekauka, au pistoni hairudi, na padi inaendelea kubusu diski hata ukiwa umeachia pedali. Gurudumu hilo litakuwa pia na joto kuliko jenzake baada ya safari, na gari linaweza kuvuta upande mmoja. Ukifunga padi za kauri kwenye kalipa iliyokwama umemaliza padi mpya bure.

Sasa boksi lenyewe. Ndani kuna padi nne za ekseli moja, vibati vya kuzuia kelele vikiwa tayari vimebandikwa nyuma, na karatasi ya maelekezo ambayo ni lazima isomwe. Kingo za padi zimekatwa mshazari na katikati kuna mfereji mmoja. Vyote viwili ni vya kupunguza kelele, na mfereji unasaidia pia kutoa gesi na unga. Sensa ya padi haikuja na boksi. Kama gari lako lina taa ya kuonyesha padi imeisha, nunua sensa mpya pembeni, maana ya zamani ikishasagwa haifai tena, na hata nzima inapenda kuvunjika wakati wa kuichomoa kwa kuwa plastiki yake imeokwa na joto.

Geuza padi utazame maandishi kwenye ubavu au mgongo wa bati lake. Mwisho wa msimbo kuna herufi mbili, na hizo ndizo zinazosema ukweli ambao picha ya boksi haisemi. Ya kwanza ni kiwango cha msuguano padi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Zangu za zamani ziliandikwa GG, hizi mpya FF. Umeshaelewa fundi alikuwa anamaanisha nini. Herufi hizo hazisemi kila kitu kuhusu padi, lakini ukitoka G kwenda F usitegemee mguu wako usitambue.

Karibu na herufi hizo kunaweza kuwa na nyingine inayohusu shaba. Zamani padi za kauri zilitegemea shaba kuhamisha joto. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuipunguza, kwa sababu shaba ya breki inasombwa na mvua hadi mitoni na kuumiza samaki: isizidi asilimia 5 kuanzia 2021, na isizidi asilimia 0.5 kuanzia 2025. Watengenezaji hawawezi kuwa na kiwanda cha California na kiwanda cha dunia iliyobaki, kwa hiyo mabadiliko yamefika kwetu sote. Herufi B ni ya padi yenye shaba chini ya asilimia 5, na N ni ya chini ya asilimia 0.5. Zangu zina N. Hilo halikuwa sababu ya kununua, lakini nilifurahi kuliona.

Kwenye kufunga sitakaa sana, kazi hii inajulikana na fundi wako anaijua. Mambo mawili tu. Moja: ukirudisha pistoni ndani, mafuta ya breki yanapanda kwenye kopo lake na yanaweza kumwagika, na mafuta hayo yanabandua rangi ya gari. Weka kitambaa na uwe na maji karibu. Pili: tazama diski. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe; ikiwa imekaribia hapo, badilisha kabisa, usifunge padi mpya kwenye diski inayokufa. Na hata ikiwa bado nene, ina tabaka la padi za zamani lililoganda usoni. Padi za kauri zinataka kujipaka tabaka lao wenyewe kwenye diski, na ndilo linalowezesha zishike kwa kushikamana kuliko kukwangua. Zikikuta la mwenzao linapingana, unapata mtetemo kwenye usukani na lawama kwa padi zisizo na kosa. Mimi nilifunga diski mpya mbele, za nyuma zikasafishwa.

Kisha kuzoesha. Barabara tupu, unapandisha mwendo hadi kama kilomita 80 au 100 kwa saa, unafunga breki kwa nguvu ya wastani hadi kama 20, bila kusimama, unapandisha tena, unarudia hivyo kadiri maelekezo yanavyosema, halafu unaendesha polepole bila kugusa breki hadi zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga pedali breki zikiwa za moto, maana padi itaacha alama yake kwenye diski mahali pale pale. Kuna harufu kidogo ya kitu kinachoungua. Ni kawaida, inaisha.

Siku za mwanzo vumbi lilikuwepo, na nilianza kununa. Lilikuwa ni tabaka la juu la padi likijitoa wakati wa kuzoeana na diski. Baada ya hapo likapungua, na sasa nawaambieni nilichokiona kwa karibu. Zamani nikipitisha kidole kwenye spoki ya mbele, kidole kilitoka cheusi, chenye mafutamafuta, na unga wenyewe ulikuwa mkwaruzo. Ukiusugua kati ya vidole viwili unausikia. Spoki ilibaki na mstari, na pembeni ya mstari weusi ulikuwa umeng'ang'ania. Sasa kidole kinatoka na unga wa kijivu hafifu, mwepesi, kama wa chaki ya ubao. Ukipuliza unaondoka (mimi sipulizi, nitaeleza kwa nini). Maji ya bomba peke yake, bila sabuni, yanaondoa sehemu kubwa. Na muhimu kuliko yote kwangu: haujichomeki. Tangu nifunge padi hizi sijaona kidoti kipya cha kutu kwenye rimu.

Kelele hakuna. Asubuhi ya unyevu kuna mkwaruzo wa mara moja mbili wakati diski zinajifuta kutu ya usiku, basi.

Tuje kwenye mguu. Padi za zamani ukizigusa tu, gari linainamisha pua. Hizi zinaanza kwa upole, kisha nguvu inaongezeka kadiri unavyokanyaga. Mjini napenda zaidi hizi, sitaficha. Kwenye foleni sirushi abiria mbele kila ninaposogea hatua tano. Breki ya ghafla nimeshaifunga, ya kweli, mtu alipojitokeza bila kutazama, na gari lilisimama, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukafanya kazi yake, hakuna aliyeumia. Lakini nilikanyaga kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ningekanyaga zamani, na kwa mwenye gari la spoti tofauti hiyo haihitaji vipimo.

Kwenye mteremko mrefu wenye kona ndipo tofauti inapokua. Ukishuka kwa mwendo wa kiungwana, ukitumia gia kupunguza mwendo, hakuna shida yoyote. Ukishuka kama mtu anayefukuzwa, baada ya kona kadhaa za breki nzito pedali inabaki ngumu vile vile lakini gari linapunguza mwendo kwa uvivu. Hiyo ni padi imepita joto lake. Ni tofauti na pedali kulainika na kuzama, ambayo ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinachokubalika kinashuka hadi 155. Watu wanachanganya mambo haya mawili na kulaumu padi kwa dhambi ya mafuta yaliyokaa miaka. Hata hivyo kwenye jambo la kwanza padi za kauri za barabarani zina hatia. Hazikutengenezwa kwa uwanja wa mashindano. Mwenye kupeleka gari uwanjani asizifunge, au azifungue siku hiyo na kufunga za uwanjani, akijua kwamba kila akibadilisha atalazimika kuzoesha upya kwa sababu ya lile tabaka kwenye diski.

Nimeona pia watu wanachanganya padi za kauri na breki za kauri-kaboni za magari ya kifahari sana. Hizo ni diski zenyewe zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa kaboni na kauri. Zinatoa vumbi kidogo na kustahimili moto wa kutisha, na gharama yake ni ya kutisha vile vile. Padi yako ya kauri inayosugua diski ya chuma cha kusubu haina undugu nazo zaidi ya jina. Kuna na njia ya tatu iliyonivutia: mwaka 2017 Porsche walitoa kwenye Cayenne diski za chuma zilizopakwa tungsteni kabidi, ngumu kiasi kwamba hazikwanguki ovyo, wakasema vumbi linapungua hadi kwa asilimia 90. Kalipa zake wakazipaka rangi nyeupe, wajigambe. Nyeupe! Kwenye gari langu, na zile padi za zamani, kalipa nyeupe ingekuwa utani mbaya.

Padi haziondoi uchafu uliokwishachomeka. Kwa huo nilihitaji dawa ya kuyeyusha chuma, na hii nayo naipitia kidogo kwa sababu bila hiyo tathmini inakuwa nusu. Nilitumia Iron X ya CarPro, na nimewahi kutumia ya Sonax ya kusafishia rimu. Zote ninazipenda. Ya CarPro inageuka zambarau inapokutana na chuma. Ya Sonax inaanza ya kijani na kuishia nyekundu. Kinachofanya kazi ndani ya dawa za jamii hii kwa kawaida ni thioglikoleti, ndugu wa kemikali iliyomo kwenye dawa za kukunja nywele saluni, na aliyewahi kukaa saluni ataitambua harufu mara moja: yai viza lililopakwa manukato. Inashika chembe za chuma na kuzigeuza kitu kinachooshwa kwa maji. Raha yake ni kwamba inafanya hivyo bila tindikali kali, na unaona kwa macho inapofanya kazi. Rimu yangu ya mbele kushoto ililia machozi ya zambarau kutoka kwenye kila nati.

Iweke kwenye rimu iliyopoa, kivulini. Iache dakika chache, isikauke. Sugua kwa brashi laini, suuza kwa maji mengi. Kwenye tumbo la rimu ingiza brashi ndefu ya manyoya. Brashi ya nywele ngumu yenye waya katikati itakukwaruzia rimu ukisahau kidogo. Dawa haiondoi lami, usiipoteze kwenye madoa ya lami. Anza na magurudumu kabla ya bodi, na ndoo ya magurudumu isiwe ndoo ya bodi kamwe, kwa sababu ile changarawe ya chuma ukiihamishia kwenye mlango umejipatia mikwaruzo ya duara. Ukimaliza, zungusha gari kidogo na ugonge breki mara kadhaa ili diski zikauke, usiliache limelala na maji kwenye diski.

Dawa za bei ya kutupa zinazotoa moshi na kusafisha rimu kwa sekunde kumi ziacheni dukani. Baadhi zina tindikali ya floridi, ambayo inapenya ngozi na kuumiza ndani kabla hujasikia maumivu. Pia zinachafua alumini isiyo na vanishi hadi inakuwa na ukungu usiofutika. Kama rimu zako ni za alumini tupu iliyosuguliwa, hata dawa za alkali ni adui. Soma chupa, jaribu mahali pasipoonekana.

Na kwa nini sipulizi: unga wa breki ni chembe ndogo sana zinazofika mapafuni. Zamani padi zilikuwa na asbesto, na ingawa nchi nyingi zimeipiga marufuku, Umoja wa Ulaya ukiwa miongoni mwao tangu 2005, unga uliopo leo nao si poda ya mtoto. Loweka kwanza, futa baadaye. Fundi anayepuliza breki kwa kompresa akiwa hana barakoa namhurumia, na nasogea pembeni. Wazungu wa Ulaya sasa wameanza kuupima kisheria: kanuni za Euro 7, zilizopitishwa 2024, zimeweka kikomo cha miligramu 7 za chembe za breki kwa kila kilomita kwa magari mengi madogo, na miligramu 3 kwa yale ya umeme pekee. Kwa mara ya kwanza gari litahukumiwa kwa kinachotoka kwenye magurudumu, si kwenye ekzosi peke yake. Nadhani baada ya miaka michache padi za GG kama zangu za zamani hazitakuja na gari jipya kirahisi.

Baada ya kusafisha nilipaka kinga ya rimu, ile ya kioevu yenye silika inayokauka na kuwa ngumu. Inasaidia. Haizuii vumbi kutua, inalizuia kung'ang'ania, na kwa padi hizi imefanya kuosha kuwe kazi ya maji na kitambaa. Peke yake, na padi za zamani, isingetosha. Nimeona rimu ya mwenzangu iliyopakwa kinga nzuri na bado nyeusi kila Ijumaa.

Vile vibati vya mviringo vinavyofungwa kati ya rimu na diski ili kuzuia vumbi lisitoke sivipendekezi hata kidogo kwa gari la spoti. Vinazuia vumbi kwa kuzuia hewa, na hewa ndiyo inayopoza breki. Umenunua gari lenye diski zenye mifereji ya kupitisha upepo, kisha unaliziba pua? Na wanaopuliza mafuta ya kopo au ya kupikia kwenye rimu ili vumbi lisigande, tone moja likifika kwenye diski au padi huna breki upande huo. Hilo sina la kuongeza.

Nyota ninazotoa ni nne kati ya tano kwa padi, kwa mtu anayeendesha barabarani na anayeosha gari lake mwenyewe. Kwa anayekimbiza gari milimani kila mwisho wa wiki ni mbili na nusu, akanunue padi nyingine na brashi nzuri. Ukiamua kuzichukua, chukua za mbele na za nyuma kwa pamoja. Muuzaji mmoja alinishauri nifunge mbele tu, eti vumbi liko huko. Ukipunguza ukali wa mbele na kuacha wa nyuma, umebadilisha mgawanyo wa breki ambao wahandisi waliupanga, na kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, barabara ikiwa na maji, mkia ndio utakaokujulisha. Na kabla ya kulipia, mwombe muuzaji afungue boksi usome zile herufi mbili kwa macho yako.